Diski inacheza kwa studio, nyumbani inakataa: shida iko wapi?

Kwa miji kama Goma, Bukavu, Butembo, Uvira ao Bunia, harusi haiishe siku wageni wanarudi kwao. Inaisha siku mupiga video analeta diski. Familia inakusanyika kwa saloni, mutu moja anatafuta telekomandi, wanangoja moto urudi ao wanawasha grupe kwa mafuta ya kununua, diski inaingia, inazunguka, inakwaruza kidogo, kisha lekteri inaandika NO DISC. Ao tena inacheza vizuri mupaka wakati wa kukata keki. Hapo picha inasimama, vipande vya rangi vinajaa kwa televizyo, na hakuna kinachoendelea tena.

Diski inarudishwa kwa studio. Mupiga video anaiingiza kwa kompyuta yake mbele ya wote, inacheza tangu mwanzo mupaka mwisho. Anasema: lekteri yenu ndiyo mubaya. Familia inajibu kwamba lekteri hiyo hiyo inacheza filamu zote walizonunua. Mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo sababu mabishano ya namna hii hayaishe.

Jambo hili si la kuchekesha tu. Wapiga video wengi wanafanya kazi na karte moja ao mbili za kamera. Picha za Jumamosi hii zinafutwa kusudi zile za Jumamosi ijayo zipate fasi. Kisha wiki mbili ao tatu, diski ile yenye kukataa inaweza kuwa ndiyo alama moja tu iliyobaki ya siku ile. Na haiko harusi peke yake. Kuko mazishi ya muzee ambaye watoto wake waliokimbilia mbali hawakuweza kufika, kuko ubatizo, kuko sherehe ya kumaliza masomo. Kwa familia zilizotawanyika, diski ndiyo inasafiri kwa fasi ya watu.

Filamu ya kiwanda na diski ya kuchomwa

Kwa macho zinafanana, lakini hazitengenezwe namna moja. Filamu ya kiwanda inapigwa chapa: vishimo vidogo sana vinachapwa ndani ya plastiki na kufunikwa na aluminiamu. Diski ya kuchoma, ile wengine wanaita ya kugrave, haina vishimo. Ndani yake kuko tabaka ya rangi. Mwali wa kompyuta unaichoma hiyo rangi na kuacha alama nyeusi-nyeusi, na alama hizo zinachukua fasi ya vishimo.

Lekteri nayo inasoma kwa kurusha mwali mudogo na kuangalia namna nuru inarudi. Kwa CD ya kiwanda, karibu asilimia 70 ya nuru inarudi. CD-R, ile ya kuandika mara moja, inakaribia hapo. Lakini CD-RW, ile ya kufuta na kuandika tena, inarudisha asilimia 15 mupaka 25 tu. DVD-RW pia iko chini sana kuliko DVD ya kawaida. Lekteri yenye jicho jipya na safi inavumilia tofauti hiyo. Lekteri iliyokaa miaka ndani ya vumbi, na wakaaji wa Goma wanajua vumbi nyeusi ya volkano inavyoingia kila fasi, haiwezi tena. Itasoma filamu ya kiwanda, itaacha ile ya kuchomwa. Kompyuta ya studio, yenye graveri mupya na isiyosumbuka kurudia-rudia kusoma, haitaona shida yoyote.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: diski za RW zisitumiwe kwa kazi ya kumupa mutu. Ni nzuri kwa kujaribu ndani ya studio. Mutu anayeitumia kwa mukristo wa harusi eti ili akikataa kulipa aifute, anajitafutia kelele.

Kati ya DVD-R na DVD+R, tofauti iko ndogo leo, lakini ipo. DVD-R ilitokea 1997, DVD+R ikaja 2002, ikiletwa na kundi lingine la makampuni. Lekteri za zamani zinajua zaidi ile yenye kistari. Ile yenye alama ya kujumlisha ina faida moja: graveri zingine zinaweza kuandika mwanzoni mwa diski kwamba ni DVD ya kiwanda, DVD-ROM, na lekteri yenye wasiwasi inadanganyika na kuisoma. Kwa yule ambaye hajui kama graveri yake inafanya hivyo, DVD-R ndiyo salama. Zile za tabaka mbili, za giga 8,5, ni afadhali kuziacha: lekteri nyingi za bei ndogo zinagonga ukuta pale mwali unapotoka tabaka ya kwanza kwenda ya pili.

Kuweka faili ndani ya diski haitoshi

Hapa ndipo diski nyingi zinakufia, kuliko kwa mikwaruzo. Kijana ana video ya MP4 kutoka kwa simu ao kamera. Anaingiza DVD tupu, Windows inamuuliza anataka kuitumia namna gani: kama flashi ya USB, ao na lekteri ya CD na DVD. Anachagua ya kwanza juu inaonekana ya upesi, anavuta faili, anatoa diski. Kompyuta yake inaifungua. Lekteri ya mama yake haitaijua hata kidogo, kwa sababu diski imeandikwa kwa utaratibu ambao kompyuta ndiyo inaelewa.

Lakini hata akichagua ya pili, kazi bado. Amepata diski yenye faili la MP4 ndani. Kompyuta inafungua karibu kila aina ya video juu ina programu za kutafsiri aina zote hizo. Lekteri ya kawaida ina kipande kimoja cha elektroniki kilichofundishwa lugha chache tu, na mutu wa nyumbani hawezi kumuongezea ingine. Kuko lekteri zenye chapa ya DivX mbele yake. Hizo zinaweza kusoma faili nyingi za AVI. Jirani anaweza kuwa nayo, shangazi wa Uvira hapana. Mutu anayetaka diski icheze kwa wote asijenge juu ya bahati hiyo.

Lugha ambazo karibu lekteri zote zinajua ni mbili.

Ya kwanza ni VCD, iliyotengenezewa utaratibu wake 1993. Inaandikwa kwa CD ya kawaida, video yake iko MPEG-1, picha yake ni ndogo: 352 kwa 288. Inabeba karibu dakika 74 mupaka 80. Picha si safi sana, nyuso za watu wa nyuma zinachanganyika, lakini VCD inacheza hata kwa mashini ambazo hazijue DVD. Kwa kijiji chenye lekteri za miaka mingi, bado ni njia ya heshima.

Ya pili ni DVD-Video. Picha ni 720 kwa 576, video iko MPEG-2, picha 25 kwa sekunde, sauti ya kiloherzi 48, na ni vizuri sauti hiyo iwe AC-3 kwa sababu haina lekteri ya DVD inayoikataa. Ndani ya diski lazima kuwe dosie inayoitwa VIDEO_TS, kwa herufi kubwa, na ndani yake mafaili ya IFO, BUP na VOB. VOB ndizo zinabeba picha na sauti, kila moja isipite giga moja. IFO ni kama mulinzi wa mulango: inaambia lekteri film inaanzia wapi, menyu iko wapi, sura ya pili iko wapi. BUP ni nakala ya IFO, iliyowekwa kando kusudi ya kwanza ikikwaruzwa, ya pili isaidie. Mutu anayekopia VOB peke yake na kuacha IFO amechukua nyumba bila mulango.

Kazi hiyo haifanywe kwa mukono. DVDStyler ni programu ya bure inayochukua video ya kawaida, inaigeuza MPEG-2 na kutengeneza VIDEO_TS pamoja na menyu. Nero ilikuwa inajulikana sana kwa studio, lakini ni ya kulipia. Windows 7 ilikuwa na Windows DVD Maker ndani yake kwa matoleo mengi. Kuanzia Windows 8 ilitolewa, na watu waliobadilisha kompyuta wakashangaa haiko tena. Kisha dosie kuwa tayari, ImgBurn, ya bure vilevile, inaweza kuichoma.

Neno moja juu ya PAL na NTSC, juu kila programu inauliza. NTSC ni ya Marekani na inchi zilizofuata njia yake, picha karibu 30 kwa sekunde. Kwetu mutu achague PAL. Lekteri za miaka ya karibuni zinasoma zote mbili, lakini mbili hizo zisichanganywe ndani ya diski moja, sawa vile inatokea wakati kamera ilipiga kwa 25 na simu ya rafiki kwa 30. Video ya simu igeuzwe mbele. Na diski ikicheza bila rangi, nyeusi na nyeupe, kosa mara nyingi haliko kwa diski. Lekteri imepangwa kutoa rangi ambayo televizyo ya zamani haijue. Kwa menyu ya lekteri kuko fasi ya kubadilisha. Zone nayo isisumbue: filamu za kiwanda zinazouzwa kwa Kongo ni za zone 5, lakini diski ya kuchoma nyumbani haina zone, inacheza popote.

Kwa nini inakwama wakati wa keki

Diski inasomwa kutoka katikati kwenda nje. Kanisa na ahadi ziko karibu na tundu la katikati. Keki, zawadi na maneno ya wazee viko kwa ukingo. Na ukingo ndiyo fasi dhaifu kuliko zote. Rangi ya kuchoma haikupakwa vizuri pale kwa diski za bei ya chini, vidole vinashika pale, mwendo wa kuchoma unakuwa mukubwa pale, na diski iliyopinda kidogo inatikisika pale zaidi. Ndiyo maana diski moja inaweza kuwa nzuri saa nzima na kufa kwa nusu saa ya mwisho.

Wapiga video wanazidisha shida wakijaza diski mupaka tone la mwisho. Kwa kartoni kumeandikwa giga 4,7, lakini kompyuta inaonyesha 4,38. Hakuna aliyeiba: kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024. Hesabu ya kufaa kujua ni hii. Harusi ya saa moja na nusu kwa DVD moja inapata karibu megabiti 7 kwa kila sekunde, na picha ni safi. Saa mbili inashuka karibu 5,2, bado ni vizuri. Saa tatu inaanguka 3,5, na hapo watu wakicheza ngoma picha inavunjika-vunjika. Kwa upande mwingine, kupandisha sana nako ni kosa. Sheria ya DVD inaruhusu video mupaka 9,8, lakini lekteri ya bei ndogo ikipewa 9 juu ya diski ya kuchomwa, inashindwa kusoma upesi na picha inasimama. Sita ao saba inatosha. Harusi ya saa tatu ikatwe kwa diski mbili: ya kwanza kanisa, ya pili sherehe. Familia haitalalamika kwa kupata mbili.

Mwendo wa kuchoma ni jambo ambalo kila mutu ana imani yake. Diski inaandikwa 16x, kijana anachoma kwa 16x kwa sababu wateja wanangoja inje. Wengine wanashuka mupaka chini kabisa wakisema polepole ndiyo mwendo. Ukweli uko katikati. Rangi za diski za leo zilitengenezwa kwa mwendo wa juu, na kuzichoma polepole kupita kiasi hakuongeze uzuri. Kwa DVD ya 16x, 8x ni mwendo muzuri, na 4x kama graveri imechoka. Diski iliyojaa inachukua karibu dakika 15 kwa 4x, karibu 8 kwa 8x. Kwa diski hamsini za harusi kubwa hiyo ni siku nzima, na mupiga video aihesabu ndani ya bei yake mbele ya kutoa ahadi ya tarehe.

Moto, kufunga, kuhakikisha

Diski ya kuandika mara moja haisamehe. Moto ukikatika katikati, hiyo diski ni ya kutundika kwa shamba kufukuza ndege. Kompyuta ya mezani bila ondileri ni hatari kwa kazi hii. Ile ya kubeba yenye batri iliyojaa ni afadhali, hata kama ni ya zamani. Mutu asisubiri moto kurudi ndipo aanze kuchoma papo hapo, juu moto unaporudi mara nyingi unaruka-ruka kwa dakika za kwanza.

Mwishoni programu inauliza kama diski ifungwe. Kuifunga ni kuandika kwamba hakuna kitakachoongezwa tena, na kuweka mwanzoni orodha ambayo kila lekteri inaitafuta. Mutu anayeacha diski wazi eti ataongeza picha kesho, anapata diski ambayo graveri yake peke yake inaielewa. Hata kamera zile zilizokuwa zinaandika moja kwa moja kwa diski ndogo za sentimita 8 zilikuwa na shida hiyo: diski isipofungwa na kamera yenyewe, haichezi kwingine.

Kisha kufunga, kuhakikisha. Kwa ImgBurn kuko kisanduku cha Verify. Kikipewa alama, kompyuta inasoma diski yote tena na kulinganisha na ile ya mwanzo. Inaongeza dakika, na vijana wengi wanaiondoa ile alama kusudi waende upesi. Lakini hata Verify haitoshi, kwa sababu inafanywa na mashini ile ile iliyochoma. Studio yenye kujiheshimu inaweka pale kandokando lekteri muzee, ya bei ya chini, yenye jicho lililochoka. Diski ikipita kwa huyo muzee, itapita kwa wengi. Na asiangalie dakika tano za kwanza tu; aende mbio mupaka dakika kumi za mwisho.

Aina ya diski nayo inahesabika. Zile za rundo la hamsini bila jina la kiwanda zinauzwa kwa bei ya kuvutia, na kati yao kuko nzuri na mbaya. Rundo mupya lisianzishwe na harusi ya watu. Zichomwe mbili, zijaribiwe kwa lekteri tatu za namna tofauti, kisha ndipo kazi ianze.

Etiketi ya karatasi yenye picha ya maharusi inapendeza sana, na inaua diski. Ikibandikwa kando kidogo, diski inapoteza usawa na kutikisika ikizunguka. Joto ndani ya lekteri linaivuta karatasi na diski inapinda. Afadhali diski ambazo upande wa juu unapigwa chapa na mashini, ao marikeri laini isiyo na alkoli, karibu na tundu. Bike haifai, na kwa CD ni mubaya zaidi: tabaka yake ya kuandika iko chini tu ya vernisi ya juu, mukwaruzo wa juu unaitoboa moja kwa moja. DVD inavumilia kidogo kwa sababu tabaka yake iko katikati ya plastiki mbili, kila moja ya milimita 0,6.

Nyumbani nako kuko kazi, mbele ya kurudi kwa studio na hasira. Diski ifutwe na kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari, si kwa kuzungusha, juu mukwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya mwali na kumeza maneno mengi, wakati ule wa kukata unavuka tu. Ijaribiwe kwa lekteri ya jirani. Ikicheza kule, jicho la nyumbani limechoka. Ikikataa kule pia, basi kosa ni la diski. Isiachwe juu ya televizyo yenye joto, wala mbele ya motokari kwa jua, kwa sababu rangi ile iliyochomwa inafifia kwa jua na joto, na diski iliyokuwa inacheza mwaka jana inakuwa bubu.

Na mbele ya karte ya kamera kufutwa, familia iombe faili la kwanza kwa flashi, lile mupiga video alilotumia kutengeneza diski. Flashi nyingi zinakuja na utaratibu wa FAT32, ambao haukubali faili moja kupita giga 4. Harusi ndefu ikatwe vipande viwili ao vitatu. Faili hilo likiwa kwa flashi moja nyumbani na ingine kwa ndugu wa muji mwingine, diski mupya inaweza kuchomwa wakati wowote. Wateja wengine sasa wanabakiza sehemu ndogo ya malipo mupaka diski imecheza nyumbani kwao, dakika za mwisho zikiwemo, na wanaandika hivyo kwa karatasi siku ya kutoa avansi. Wapiga video wenye lekteri muzee kwa studio hawakatae masharti hayo.